Greenland imekubali kusogea (ramani ya darasani)

Aisee hatimaye! Mnajua nilipokuwa nimekwama: kwenye ramani ya darasani ninayotengeneza, nataka mwanafunzi ashike nchi kwa kidole kwenye skrini aiburute mpaka ikweta aone inavyosinyaa, maana ramani za mtandaoni karibu zote zinatumia Mercator, namna ya kuchora dunia bapa inayovimbisha nchi zilizo mbali na ikweta, kitu cha mwaka 1569 jamani, na ukizitazama hivihivi Greenland inataka kulingana na Afrika wakati Afrika inaizidi kama mara 14.

Kuburuta kwenyewe si kazi. Kazi ni umbo. Kila nikiishusha, urefu unapungua vizuri ila upana haubadiliki hata chembe, kisiwa kinabaki kama kimekaliwa na tembo. Nikashuku data, nikatoa mipaka ya Natural Earth (data ya bure ya ramani) ya skeli 1:50m, yaani milioni 50, nikaweka ya 1:110m isiyo na undani mwingi, wapi. Nikashuku simu, nikafungua kwenye laptopu, yaleyale.

Kumbe mchawi ni digrii. Programu niliyoandika inahamisha digrii tu, na digrii 1 ya longitudo kwenye ikweta ni kama kilomita 111, ila kwenye latitudo 70 ni kama 38, kwa hiyo ukibeba digrii ukaacha kilomita, upana halisi unavimba karibu mara 3. Dawa yake: unatafuta kitovu cha nchi, unapima umbali na uelekeo wa kila nukta kutoka hapo, halafu unazichora upya kuanzia kitovu kipya. Turf, maktaba ya JavaScript ya hesabu za ramani, inazo hizo hesabu tayari, mistari michache umemaliza. Sasa iburute uiweke juu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uone, Kongo ndiyo kubwa!

Najua kuna watakaosema nitumie tufe la 3D badala ya ramani bapa. Linapendeza, sikatai, ila simu ya zamani inaganda na watoto wanabaki kulizungusha tu. Mimi na Leaflet, maktaba ya kuonyesha ramani kwenye kivinjari, nyepesi, japo GeoJSON (muundo wa faili za mipaka) inataka longitudo kwanza, Leaflet yenyewe inataka latitudo kwanza, sijui nani aliwaroga.

Chemshabongo ya miji mikuu niliyoahidi tuiache kwanza. Nimepata wazo tamu zaidi: mwanafunzi akisie kabla hajaburuta. Madagaska na Uingereza, ipi kubwa? Kwenye skrini zinakaribiana, kumbe Madagaska inaizidi zaidi ya mara 2.

Urusi ndiyo bado kichwa ngumu, imekatwa kwenye longitudo 180, kipande cha Chukotka, ncha yake ya mashariki, kimetupwa upande wa Alaska na kitovu kinayumba ovyo. Nimeifunga isiburutwe kwanza.