Siku mbili Saadani bila pa kuchomeka umeme

Sisi wa Tanga Saadani ni kama uani kwetu, unavuka mto Pangani unanyoosha na pwani mpaka getini, afu ndo hifadhi ya taifa pekee Tanzania Bara inayogusa bahari, sasa kwanini nisiende. Safari hii tulienda na Hiace yetu tuliyoifunga kitanda, friji na sola, tukalala kambini hamna pa kuchomeka umeme wala bomba la kuunga kwenye gari.

Watu wengi wanawaza taa. Taa si kitu jamani, kinachomaliza betri ni friji. Yangu ya volti 12 ikiwaka inakula ampea 4, na kwa joto la pwani inawaka karibu nusu ya siku nzima, piga hesabu hapo ni ampea-saa 48, na betri ya asidi ya ampea-saa 100 haitakiwi kushuka chini ya nusu, yani siku moja bila jua umekwisha. Ndo maana nakusihi samaki wagandishe tangu nyumbani, na paneli usiiweke mtini, mi kivuli cha tawi moja tu asubuhi kilinishushia chaji vibaya sana.

Maji tulibeba lita 60. Mama watoto akawa anaosha vyombo kwa kikombe, maji ya kusuuzia sahani ndo yanaanzia masufuria, nampenda kwa hilo.

Usiku tukazima kila kitu, upande huu mawimbi, upande ule kuro, wale swala wakubwa, wanakata majani, unasikia meno kabisa.