Msimwite teja

Kaka yangu anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila asubuhi. Muuguzi anampa kikombe, anakunywa palepale dirishani huku akitazamwa, kisha anawahi kibaruani. Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, na kwetu imemrudisha mtu.

Bado kuna ndugu wanaosema "alijitakia." Jamani! Alianza kuvuta unga, yaani heroini, na rafiki yake, kijiwe kimoja. Mwenzake aliacha, yeye akanasa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya uraibu wa aina hii inarithiwa. Wala si jeni moja, ni nyingi, na baadhi zinahusu vile vipokezi vya ubongo ambavyo heroini inavishika. Baba yetu mdogo naye pombe ilimshinda, ila hatukuwahi kuunganisha mambo.

Halafu msongo. Alikuwa ameshaacha, baba akafariki, kazi ikaisha, akarudia. Ubongo uliozoea unga, mawazo yakizidi, unadai nafuu ile ile unayoijua. Na arosto yenyewe, mwili ukikosa unga, ni mateso mengine: jasho, kuhara, mifupa inauma, usingizi hakuna.

Wenye ndugu kama wangu, wasindikizeni kliniki. Wanangu nimeshawaambia mapema kuhusu ukoo wetu, bila kuwatisha.