Kamba, chaki na tramu: nilivyofundisha Hiroshima hapa Mombasa

Mwalimu mwenzangu aliyenitangulia kazini aliniambia, "Hiroshima wape tarehe, wape idadi ya waliokufa, waandike, basi. Mtihani hauulizi zaidi ya hapo." Nikamfuata, na hadi leo najuta. Nikajaza ubao: 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu moja la atomiki. Watoto wakanakili kimya. Kengele ikalia, wakatoka wakibishana mambo ya mpira. Usiku ule uliniuma sana. Mji mzima umeteketea, nami nimeusomesha kama orodha ya sokoni!

Kipindi kilichofuata nikawatoa uwanjani, na kamba ya katani na chaki (gharama yake haikufika hata mia tatu). Hiroshima iko Japani, kwenye delta ya mto Ota, mji wa maji na madaraja, kwa hiyo mtoto wa Mombasa huhitaji kumweleza mengi. Nikachora kisiwa chetu sakafuni. Nikaweka jiwe pale Mapembeni, kwenye zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, nikafunga kamba kwa kipimo cha kilomita 2, nikampa kijana mmoja azunguke nayo akichora.

Mwembe Tayari, ndani. Fort Jesus, ndani. Kivuko cha Likoni, ndani. Msichana mmoja akauliza polepole, "Mwalimu, na kwetu Kibokoni?" Ndani. Hakuna aliyecheka. Nikawaambia kule Hiroshima, duara kama hili, karibu kila kitu kiliungua.

Hapo ndipo nikauliza: kesho yake, nani alikwenda kazini? Wakajibu kwa sauti moja: hakuna!

Kumbe walikuwepo. Tarehe 8 Agosti, siku mbili tu baadaye, tawi la Benki ya Japani lilifungua milango. Jengo lake lilikuwa chini ya nusu kilomita kutoka bomu lilipolipukia, lakini kuta zake zilisimama, na benki nyingine zilizopoteza majengo zikapewa nafasi mle mle. Tarehe 9, kipande cha njia ya tramu upande wa magharibi kikaanza tena kubeba watu.

Neno tramu, yaani gari la abiria linalopita juu ya reli barabarani, liliwakwamisha. Nikatoa picha ya zamani ya Mombasa, enzi za vigari vya troli vilivyosukumwa na watu juu ya reli, hapa hapa barabarani kwetu. Wakaelewa papo hapo. Ukifundisha somo hili pwani, tafuta picha ile kwanza, usianze na maelezo.

Kisha nikawaambia kuhusu makondakta. Wanaume wengi walikuwa vitani, kwa hiyo kampuni ya tramu ilikuwa na shule yake ya wasichana, wakisoma na huku wakikata tikiti na hata kuendesha. Rika la hawa niliokuwa nao uwanjani. Yule wa Kibokoni akainuka, akasimama juu ya mstari wa chaki, mkono juu kama ameshika mlango wa matatu, akaita abiria. Wenzake wakapanda mmoja mmoja nyuma yake, bila kusukumana.

Kengele ikalia, hakuna aliyeondoka. Walitaka kujua kama tramu zile zingaliko. Nikawaambia namba 651 na 652 zilinusurika, zikatengenezwa, zikarudi barabarani. Yule msichana akaziandika namba zote mbili kiganjani.