Dari la Bafu la Mama

Julai hii nilichukua likizo ya siku 14 nikaenda Mbeya kwa mama. Mpango ulikuwa kulala, kula maparachichi, na kupita Mwanjelwa mara moja kununua mchele wa Kyela wa kurudi nao Dar. Siku ya pili asubuhi niko bafuni, sabuni machoni, kitu kikanitua begani. Chepesi, cha baridi, kama jani lililolowa. Nikajimwagia maji haraka nikafumbua macho. Kipande cha rangi, kikubwa kama kiganja cha mtoto. Ndipo nikaangalia juu.

Dari zima lilikuwa limebabuka. Rangi imejikunja kama maganda ya kitunguu, mengine yananing'inia kwa ncha tu, na kwenye kona ya dirisha ukungu mweusi umetapakaa kama mtu kakung'uta kalamu ya wino. Krismasi nililala katika nyumba hii siku tano na sikuona kitu. Au niliona, nikajiambia ni taa tu haitoshi.

Nilipomuuliza mama alicheka. "Hilo lina miaka, baba. Mimi naoga na kofia."

Kweli, nyuma ya mlango kuna kofia ya nailoni, zile za saluni. Na kando ya sinki kuna kopo la siagi anamokusanyia vipande kila asubuhi, maana vikiingia kwenye tundu la kutolea maji vinaziba. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na kila siku anainama kuokota dari. Watoto tuko wanne, hakuna aliyeambiwa. Nikamuuliza kwa nini.

"Ningewaambia mngeanza tena habari za kunihamishia kwenu."

Hapo sikuwa na jibu, kwa hiyo nikampigia simu fundi.

Fundi alikuja saa nne, akasimama mlangoni mwa bafu bila hata kuingia, akasema: "Kaka, hili ni tangi." Nyumba ya mama ni ya bati, lakini juu ya bafu na choo marehemu baba alimwaga slabu ya zege ili ibebe tangi la maji, siku hizi la lita 1,000. Kwa maelezo ya fundi slabu imepata nyufa, maji yanapenya, rangi inasukumwa kutoka ndani. Dawa yake ni kushusha tangi, kumwaga juu saruji yenye dawa ya kuzuia maji, kubandua plasta yote ya chini, kupiga upya. Bei aliyotaja ilikuwa sawa na kodi yangu ya miezi mitatu. Na sikumwona kama tapeli. Dari linalobanduka chini ya tangi, hata mimi ningesema tangi.

Kilichonizuia ni saa. Jioni nilipopitisha mkono darini palikuwa pakavu kabisa, vumbi tupu. Asubuhi iliyofuata, mama alipotoka kuoga, nilipitisha mkono tena ukarudi umelowa, pande zote sawasawa, kuanzia mlangoni hadi dirishani. Tangi linalovuja halingojei mtu amalize kuoga.

Kuna jaribio la zamani ambalo halina gharama. Nilikata kipande cha nailoni ngumu, nikakwangua mahali padogo hadi kwenye zege, nikakibandika kwa gundi ya utepe pande zote nne, hewa isipite. Maji yakitoka juu kupitia kwenye zege yatajikusanya nyuma ya nailoni. Yakiwa ni ya bafuni humuhumu yatakaa juu yake, upande unaouona. Nilikiacha siku mbili. Siku ya tatu nilisimama kwenye stuli na tochi ya simu: matone yote yalikuwa upande wangu. Nyuma ya nailoni hakuna kitu. Slabu ya baba ilikuwa nzima.

Basi ni mvuke. Na nilipokaa sebuleni kuufuatilia mvuke huo umeanzia wapi, nilijikuta nafika kwangu mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita nilimnunulia mama shawa ya umeme, ile inayochemsha maji palepale yanapotoka. Kwa sababu ya magoti. Kabla ya hapo alikuwa anabandika sufuria kwenye jiko la mkaa, anachanganya kwenye ndoo, anaoga kwa kopo, maji ya uvuguvugu na mvuke kidogo. Sasa anasimama chini ya maji ya moto dakika kumi, na anastahili kila dakika. Mvuke unapanda hadi kwenye slabu. Slabu imebeba lita elfu moja zilizokesha nje katika Julai ya Mbeya, na usiku huku joto linashuka chini ya nyuzi 10. Unajua kioo cha daladala kinavyofuka asubuhi watu wakijaa? Ndivyo dari lile, kila siku.

Na dirisha? Dirisha ni la luva, liko juu, na mama alikuwa ameliziba lote kwa kiroba na vitenge vikuukuu. Upepo wa mlima Loleza unaingia pale moja kwa moja. Kwa hiyo mvuke haukuwa na pa kutokea. Nilileta moto bafuni nikasahau kwamba moto una moshi wake.

Lakini mvuke peke yake haubandui rangi iliyoshika vizuri. Nilichukua kipande kimoja kutoka kwenye kopo la siagi nikakivunja kwa ukucha juu ya meza. Kilikuwa na tabaka tatu. Upande mmoja rangi ya maji nyeupe, laini kama mpira mwembamba. Katikati rangi ya mafuta, krimu, ngumu. Nyuma kabisa unga mweupe wa chokaa, unaobaki kwenye kidole. Nilipovuta, nyeupe ilitoka kwenye krimu kama stika, na ile krimu chini yake ilikuwa bado inang'aa kama sahani. Hakuna msasa uliowahi kupita hapo. Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa haina pa kushika.

Naikumbuka hiyo nyeupe. Ilipakwa 2017, kwenye kipaimara cha mtoto wa dada. Fundi wa wakati ule aliomba siku moja ya kupiga msasa. Niliyemjibu kwamba wageni wanaingia Jumamosi, kwa hiyo apake tu, ni mimi. Nakumbuka mpaka nilikuwa nimesimama wapi.

Fundi wa safari hii nilimlipa nauli na soda, nikamwambia kazi nitafanya mwenyewe. Alinitazama kwa huruma.

Kukwangua ndiyo kazi. Kupaka rangi ni sherehe tu ya mwisho. Nilizima umeme kwenye suichi kuu, nikaifunika ile shawa kwa nailoni, nikatandika viroba sakafuni, nikajifunga kitambaa kichwani, barakoa, na miwani ya fundi welda niliyoazima kwa jirani. Kila eneo nililipulizia maji kwanza, kwa sababu rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake si la kuvuta. Rangi iliyolowa huanguka kama uji badala ya kuruka. Halafu skrepa. Mikono juu, shingo nyuma, maji ya chokaa yanateremka kwenye kwapa. Dari lenyewe ni mita 1.8 kwa 2.1, godoro kubwa tu, na lilinila siku nzima na nusu.

Mama aliweka kigoda mlangoni akawa anasimamia. "Pale umeacha." "Baba, pale." Aliona madoa ambayo nisingeyaona kwa ngazi.

Siku ya pili nilifika hadi kwenye zege kona moja, plasta ilikuwa imekwenda na rangi. Zege lilikuwa na alama za mbao lililomwagiwa, mishipa yake yote, hata kifundo kimoja cha mti. Na katikati ya mbao mbili kulikuwa na mikunjo, kama kitambaa kilichokunjamana kikageuka jiwe. Nilidhani ni ufa. Nikamwita mama aangalie, akainuka, akashika mlango.

"Hiyo ni mifuko ya saruji," akasema. "Mbao zilikuwa na mianya, uji wa zege unavuja. Mafundi wakasema nunueni nailoni. Baba yako akakataa, akachana mifuko ileile ya saruji akatandika." Akatazama kidogo. "Alikuwa bahili yule."

Akarudi kwenye kigoda. Mimi nilibaki juu ya stuli na skrepa mkononi. Sehemu ile sikuikwangua tena, nilipitisha brashi tu.

Yaliyobaki niyaseme haraka. Ukungu niliufuta kwa jiki, kikombe kimoja kwenye lita 4 za maji, dirisha wazi, na kamwe usichanganye jiki na dawa nyingine ya choo, gesi yake ni sumu. Nikaacha pakauke siku mbili, mimi nikaoga kwa jirani na mama akarudi kwenye ndoo yake, akiwa na furaha ambayo sikuipenda. Mashimo nikayaziba kwa saruji nyeupe, siyo jipsamu, maana jipsamu ikinywa maji inalainika. Msasa namba 80, kisha 120. Kila palipobaki krimu inayong'aa nilisugua hadi ikafifia ikawa kama chaki. Praima ya mafuta, yaani rangi ya msingi, mkono mmoja, ikalala usiku.

Dukani nilibishana. Lita moja ya rangi inapaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, na mimi nina mita zisizofika 4. Lita moja ilinitosha mikono miwili na ikabaki. Muuzaji alitaka nichukue ndoo ya lita 4, "utapaka na jikoni". Kila mwenye duka la vifaa vya ujenzi anajua jiko lako lina shida. Nikachukua lita moja ya rangi ya maji ya bafuni, ile yenye dawa ya ukungu na mng'ao kidogo, nyeupe. Mama alitaka krimu. Tulikubaliana nyeupe baada ya mimi kusema nyeupe inaonyesha mapema ukungu ukianza. Alijibu kwamba ndiyo maana yeye anataka krimu.

Kazi ngumu kuliko skrepa ilikuwa dirisha. Nilimweleza habari yote: mvuke, slabu, nailoni yenye matone. Alisikiliza vizuri, halafu akauliza: "Kwa hiyo niache upepo unipige nikiwa nimelowa, nipate nimonia, dari lipone?" Nikasema hapana, oga dirisha limefungwa, ukishavaa ndipo ulifungue saa moja. "Nilifungue na nini?" Dirisha liko juu, yeye mkono haufiki. Nikafunga kamba kwenye mkono wa luva, ikateremka hadi usawa wa kiuno, na kitanzi mwishoni. Akaivuta mara moja, luva zikafunguka, akaivuta tena. "Ndaga, baba," akasema, kwa sauti ile ya mtu anayeshukuru zawadi ambayo ataiweka kabatini.

Viroba na vitenge nilivitoa nikavipeleka stoo. Asubuhi ya kuondoka niliwasha shawa ya moto, nikaoga, nikavuta kamba, nikasubiri nimejifunga taulo natetemeka. Ilichukua kama robo saa, ile hali ya kulowa ikapungua kutoka dirishani kuelekea mlangoni, mpaka dari likawa jeupe kavu. Nilikaribia kulikosa basi.

Wiki iliyopita nilimwomba mpwa wangu anitumie picha ya dari. Akatuma. Safi, hakuna doa, hakuna ganda. Kwenye ukingo wa picha dirisha lilionekana kidogo, nikaikuza. Kitenge kile cha bluu kimerudi. Kimekunjwa vizuri, kimepangwa kwenye luva za chini zote, zile ambazo upepo wake unamshukia mama mabegani. Luva mbili za juu ziko wazi, na kamba imefungwa fundo jipya, fupi zaidi, zifunguke hizo mbili tu.

Nimempigia simu kuuliza hali. Tumeongea mahindi, tumeongea magoti, tumeongea bei ya mkaa. Kitenge sikukitaja.