"Dada, hii sabuni ina takataka": siku yangu moja ya mwani, Paje, Unguja

Saa 10:30 alfajiri. Sala, chai ya rangi, boflo la jana, watoto skuli. Hapo hapana hadithi.

Saa 2:00 asubuhi. Ni bamvua, maji yanapwa mpaka mbali, mwisho wake kama saa 4 na nusu. Watu hudhani kazi ya mwani, haya majani ya baharini tunayolima, unaifanya ukipenda. Saa zetu anazipanga mwezi. Maji yakiwa mafu siku kadhaa hatushuki, maana shamba haliibuki vizuri. Bamvua likija unashuka hata na homa.

Navaa soksi mbili na raba kuukuu kwa ajili ya miba na mwiba wa samaki taa, najifunga kanga kiunoni, naburuta kiroba. Shamba lenyewe ni vigingi na kamba. Kwenye kamba unafunga vitawi vya mwani kwa taitai, yaani vijikamba vyembamba, kila kimoja shubiri moja na mwenzake, na baada ya wiki sita hivi unavuna. Nikieleza hivyo inaonekana nyepesi. Ijaribu umeinama kwa muda wa saa tatu, jua la kaskazi mgongoni, jua jingine linakuja usoni kutoka kwenye maji.

Leo kamba kumi na mbili zimekatika. Huenda ni mawimbi, huenda ni wale wa tiara wanaoteleza juu ya maji. Wao wanalalamika vigingi vyetu vinawaumiza, sisi tunalalamika wanapita juu ya mashamba. Bahari ni moja, nasi sote tunaitafutia pesa. Zilizobaki nimezivuna zile ambazo samaki tasi hawajazitafuna.

Mama yangu ni katika wanawake walioanza mwaka 1989, kilimo cha kuuza kilipoingia Paje na Jambiani kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Enzi zake walipanda na kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri. Siku hizi maji yamekuwa moto, kotonii inageuka nyeupe, inakatika vipande, inakwenda na maji. Tumebaki na spinosamu, mwani mvumilivu lakini wa bei ya chini. Kilo moja kavu hainunui kilo ya mchele. Na kuipata hiyo kilo moja kavu umebeba kama saba za mbichi, zinakuchuruzikia chumvi shingoni mpaka nyumbani. Huko ng'ambo wanautoa karajinani, ule uteute unaoshikilia dawa ya meno na aiskrimu.

Njia za kutuvusha zimeletwa. Mtafiti Flower Msuya na wenzake walitangaza wavu mrefu kama soksi: unajaza mwani ndani, unaupeleka kwenye kina ambako maji hayachemki. Fikra nzuri kabisa. Ila inataka chombo, na inataka mtu asiyeogopa kina. Mimi nimezaliwa hatua mia kutoka ufukweni na kuogelea sijui. Kila nikisikia redioni uchumi wa buluu, yaani wa bahari, na tangu 2020 tuna wizara yenye jina hilo, najiuliza lini litakuja darasa la kuogelea la kina mama.

Saa 6 na nusu. Nimeanika kwenye chanja, vichaga vya miti vilivyoinuliwa. Juu ya mchanga hatuaniki tena, mwani wenye mchanga unakatwa kwenye mizani. Nimemwambia mama: "Mama, wingu likija, funika." Mvua ikishapiga mwani unaokauka, umeharibika.

Saa 8. Hoteli.

Kikundi chetu tunasaga mwani, tunachanganya na mafuta ya nazi, kostiki, ile dawa ya kugandisha sabuni, na mafuta ya karafuu, tunakata sabuni, tunaziacha wiki nne zikomae. Hapo ndipo mwani unapolipa. Meneja wa duka la hoteli moja aliagiza miche 60, nami nimeibeba yote kichwani. Mlinzi akaniambia, "Mama, ngojea hapo kivulini, anakuja." Kivuli chenyewe kilikuwa cha mti mmoja, kikawa kinahama nami nakifuata. Saa 8 na nusu. Saa 9. Saa 9 na robo akatoka, kijana nadhifu, simu sikioni, akachukua mche mmoja akaugeuza.

"Dada, hii sabuni ina takataka."

"Wapi, kaka?"

"Hivi vidoa."

"Huo ndio mwani wenyewe."

"Mgeni ataona uchafu. Haiwezekani mkautoa?"

Wallahi nilitafuta jibu la adabu. Nikamwambia, "Mgeni ananunua sabuni ya mwani. Nikiutoa mwani nimemuuzia nini?" Hakucheka. Akaenda kuleta mizani ya jikoni. Mmoja gramu 96, mmoja 103. Mbona hazilingani? Kwa sababu tunakata kwa kisu, kaka, mashine hatuna. Akapima tena, mmoja mmoja, miche 60, iliyovunjika pembe akaiweka kando kama samaki walioharibika. Halafu akauliza kama naweza kuleta nyingine Ijumaa, zisizo na doa. Nikamweleza habari ya wiki nne. Akasema, "Lakini ni sabuni tu."

Wakati huo wingu limeshasimama upande wa Jambiani, nami macho yangu yako huko.

Mwisho ndio akasema lililomleta: nimwachie mali kauli, zikiuzwa atanipigia, na karatasi yetu yenye jina la kikundi itolewe iwekwe ya hoteli. Nilishawahi kukubali mali kauli mahali pengine, nikafuatilia pesa miezi mitatu, nauli ikala faida. Nikamwambia taslimu, na karatasi yetu. Tukavutana. Mwishowe akanunua 25 kwa taslimu, karatasi zetu zikiwa juu yake, akanuna. Na mimi nilinuna.

Saa ngapi nimefika nyumbani sijui, nimekuta mvua imetangulia. Mama na watoto wamewahi kufunika chanja mbili. Ya tatu imelowa, mwani umeshaanza kupauka. Mama, na magoti yake yale, alikuwa ameketi mlangoni amerowa. "Nimeshindwa ile ya mwisho, mwanangu," akaniambia, kana kwamba anadaiwa.

Tumekula muhogo wa nazi. Baadaye sote watatu, mimi, mama na binti yangu mkubwa, tumekaa ukumbini kwa tochi ya simu tukifunga taitai kwenye kamba mpya kumi na mbili. Kesho maji yatachelewa kidogo, yatapwa mwisho kama saa 5 na robo, kwa hiyo naweza kulala mpaka adhana.

Nimekoga kwa mche mmojawapo wa ile iliyovunjika pembe. Unanukia karafuu, vidoa vinakwaruza kidogo mgongoni, pale pale panapouma.