Nilivyofanya roboti yangu isome rangi za mishumaa kwenye MetaTrader 5

Niko hapa Arua natredi dhahabu kwenye MetaTrader 5, ile programu ya kutredi, na kuna indiketa (programu ndogo ya kuchambua chati) naitegemea sana, nilipewa na kaka mmoja wa Kampala. Inapaka mishumaa, yani vile vijiti vya bei kwenye chati, rangi tatu, kijani soko likipanda, nyekundu likishuka, kijivu likiwa halieleweki. Kwa macho iko poa kabisa. Shida mimi nina duka, na soko la New York linachangamka kuanzia saa kumi jioni hivi, saa hizo hizo wateja ndo wanajaa, so nikataka roboti, yani programu inayotredi yenyewe, isome rangi na ifungue oda. Na faili niliyopewa ni ile ya ex5, yani imeshakompailiwa, ndani huwezi kuchungulia.

Sasa ndugu zangu, jambo kubwa ni hili: roboti haioni rangi, inaona namba. Kwenye MQL5, lugha ya kuandikia programu za MetaTrader 5, indiketa ikichora kwa mtindo wa DRAW_COLOR_CANDLES inatumia bafa tano (bafa ni safu ya namba, kila mshumaa na namba yake), nne za bei zinaanza 0 mpaka 3, halafu bafa namba 4 inabeba namba ya rangi ya kila mshumaa, 0 ni rangi ya kwanza kwenye orodha ya aliyeiandika, 1 ya pili, 2 ya tatu, inaendelea hivyo. Kama ni DRAW_COLOR_HISTOGRAM, mtindo wa nguzo, basi thamani iko bafa 0 na rangi bafa 1. Ndo maana hata ukienda kwenye mipangilio ukageuza kijani kuwa bluu roboti haisumbuki, namba inabaki ile ile. Hiki kitu nilikipenda sana.

Nikaanzia kwa Heiken_Ashi inayokuja na MetaTrader 5 yenyewe kwenye folda ya Examples, kwa sababu ile msimbo wake uko wazi unausoma wote: 0 ni bluu ya kupanda, 1 ni nyekundu. Nilivyoona roboti inaipata sawasawa ndo nikahamia kwa ile ya kaka. Hapo hakuna wa kukuambia rangi iko bafa gani, so nikaandika kiroboti kidogo kinachosoma bafa zote kuanzia 0 mpaka 7 na kuziandika kwa Print, amri ya kutoa maandishi, pamoja na saa ya mshumaa, nikakaa na chati pembeni nalinganisha mmoja mmoja. Bafa zenye namba ndefu za bei ziache, tafuta ile inayorudia 0, 1, 2 tu. Kazi ya kuchosha ila inakupa uhakika, na mimi hela yangu siwezi kuiweka kwa kubahatisha.

Kwenye roboti yenyewe, iCustom, amri ya kuita indiketa, iite mara moja tu ndani ya OnInit, sehemu inayoendeshwa roboti ikiwashwa, ikupe kishikio, yani namba ya kuitambulisha indiketa hiyo, usiiite kila tiki, yani kila bei inapobadilika. Vigezo viandikwe kwa mpangilio ule ule wa indiketa. Halafu kila mshumaa mpya ukifunguka:

CopyBuffer(kishikio, 4, 1, 2, rangi)

Ile 4 ni namba ya bafa ya rangi, 1 inamaanisha anza na mshumaa uliofunga, 2 ni nipe miwili. Hapa tulia kidogo, rangi[0] ndo wa zamani na rangi[1] ndo uliofunga sasa hivi, isipokuwa umeugeuza mpangilio kwa ArraySetAsSeries. Mimi nanunua rangi[1] ikiwa 0 na rangi[0] haikuwa 0, yani rangi imebadilika kweli. Mshumaa namba 0 ambao bado unatembea siugusi, kijani chake kinaweza kugeuka nyekundu mara kumi kabla haujafunga.

Pia angalia CopyBuffer imerudisha ngapi. Roboti ikiwashwa tu indiketa inaweza kuwa haijamaliza kuhesabu, inarudisha -1, hapo usifanye chochote, subiri tiki nyingine. BarsCalculated inakusaidia kujua kama iko tayari.

Wenye MetaTrader 4, kwenu bafa ya rangi haipo, kila rangi ina bafa yake na ile isiyotumika kwa mshumaa huo kwa kawaida inashika EMPTY_VALUE, ambayo ni 2147483647, so unauliza bafa gani ina thamani ya kweli. Kiroboti cha Print kinafanya kazi huko pia, ila iCustom ya huko inataka namba ya bafa na ya mshumaa mwishoni.