Nusu ya Kidonge

Juzi mtoto wa kaka alirudi kutoka shule uso umemkunjamana. Walikuwa wamegawiwa dawa ya kichocho. "Shangazi, mbona chungu hivi? Wameitilia nini?" Swali hilo likanirudisha Lindi, nyuma ya darasa la nne, kwenye ule mkorosho.

Siku ya dawa tulikunywa uji kwanza, kisha foleni. Ukutani palikuwa na ubao mrefu wenye mistari. Unasimama, mwalimu anaangalia kichwa kimefika wapi, anajua umeze vidonge vingapi vya prazikwanteli, ndiyo hiyo dawa ya kichocho. Mwenzangu wa dawati, mdogo wa umbo, alipewa kimoja na nusu. Kizima kilipita. Ile nusu, kwa kuwa ilikuwa imevunjwa, ilianza kuyeyuka ulimini kabla hajapata maji. Nilimwona macho yakijaa machozi, shavu limetuna, huku akimwitikia mwalimu kwa kichwa kwamba amemeza. Akatoka mbio. Nilimkuta ameushika mkorosho kwa mikono miwili, anatapika: uji, dawa, vyote, juu ya majani makavu na mabibo yaliyooza. Mwalimu alikuja, akamfuta mdomo kwa khanga yake, wala hakumgombeza. Na huyo ndiye aliyekuwa akikojoa damu. Wavulana wengi wa mashamba ya mpunga bonde la Lukuledi walikojoa damu, na nyumbani wakaona ni ukubwa unaingia.

Miaka ikapita, shule, chuo, mnajua. Siku moja kwenye somo la kemia ya dawa mhadhiri akachora prazikwanteli ubaoni, na pembeni yake akaichora tena, imegeuzwa kama kwenye kioo. Molekyuli mbili, viungo vile vile, ila zinatofautiana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kidonge kina zote mbili, nusu kwa nusu. Mkono mmoja ndio unaomshambulia mnyoo wa kichocho. Mwingine kazi yake ni ndogo mno, na uchungu mwingi unatoka kwake. Nilikaa pale nikiuona mkorosho.

Kuna kemia nzima ya kuunda mkono mmoja tu tangu mwanzo: kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, kikiwa na mkono wake huilazimisha molekyuli ielekee upande mmoja. Mwanakemia William Knowles wa Marekani alifanya hivyo kwa metali ya rodiamu, na njia yake ikatumika kiwandani kutengeneza L-dopa ya wagonjwa wa Parkinson. Alipata Nobel ya kemia mwaka 2001 pamoja na wanakemia wenzake Noyori na Sharpless. Mwaka 2021 wakatuzwa List na MacMillan, walioonyesha kwamba hata molekyuli ndogo za kikaboni, kama asidi amino ya prolini, huiweza kazi hiyo bila metali. Lakini prazikwanteli hugawiwa bure kwa mamilioni ya watoto, na kuipata ya mkono mmoja huongeza gharama. Ikabaki mchanganyiko.

Sasa ipo arprazikwanteli, ya mkono ule unaofanya kazi, huyeyushwa kwenye maji. Mwishoni mwa 2023 ilipata maoni mazuri ya mamlaka ya dawa ya Ulaya. Ni ya watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Wa darasa la nne bado anameza kile cha zamani. Sijui kama mwenzangu angepona. Kesho yake angerudi kwenye maji yale yale ya mpunga. Hoja ya gharama naielewa, nimeisoma na kuifanyia mitihani. Kuridhika nayo bado.